Wimbo wa Mwisho, Upande wa Pili

Mkono wa Verlon Amburgey ulibaki hewani, na Clovis Tackett akaendelea kuchagua misumari kana kwamba mbele yake hakusimama mtu. Dukani kwa Zella tulikuwemo watu watano au sita, na wote tuliona. Kwetu Bearpen mkono haukataliwi. Kumkatalia mkono mtu mnayesali naye, heri umtemee mate, maana mate yanafutika.

"Ndugu Clovis," Verlon alisema, "au mkono wangu una grisi?"

"Mkono wako hauna neno. Sauti yako ndiyo yenye neno." Clovis aliimwaga misumari kwenye mfuko wa karatasi. "Mimi sishikani mkono na mtu anayemwimbia Mungu kwa gitaa."

Verlon akacheka, maana alidhani ni utani. "Gitaa? Mimi? Clovis, mimi hata mluzi wa kuita mbwa unanishinda."

"Kamuulize binti yako, staa wa Nashville. Jumamosi tutaulizana vizuri mbele ya ndugu." Akalipa, akatoka, na kengele ya mlango ikalia nyuma yake kwa furaha kama kawaida yake, haijui watu wamegombana.

Verlon aliuangalia ule mkono wake, kisha akauingiza mfukoni. Mzee wa watu! Nilitamani ardhi inimeze mimi badala yake. Aligeukia kaunta, ambako santuri za Reva zilipangwa kati ya tumbaku na mitego ya panya, na uso wa binti yake ukamchekea mara ishirini.

"Zella, anasema nini huyu?"

Zella alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini siku hiyo alilazimika kuyatafuta. "Kwani hujaisikiliza, Verlon?"

"Niisikilize wapi? Nyimbo za ulevi na talaka? Mimi?"

"Basi, upande wa pili, wimbo wa mwisho kabisa. Ni wewe."

*

Ile albamu iliitwa Taa ya Barazani, na iliuza mpaka waliokuwa wakiihesabu walichoka. Redio ya malori iliipiga, redio ya saluni iliipiga, na nilimsikia hata daktari wa meno wa mjini akiiimba huku mkono wake uko kinywani mwangu. Kulikuwa na wimbo wa mke anayechoma nguo za mumewe, na wa mwanamume anayeongea na chupa, na ule wa taa yenyewe uliowaliza madereva. Reva Amburgey, mtoto wetu, aliyekuwa akiokota makaa pembeni mwa reli akiwa na kamasi! Tulijivuna kana kwamba tulioimba ni sisi.

Lakini Verlon alikuwa mwongoza nyimbo wa kanisa la Laurel, na Laurel ni la Wabaptisti wa kale. Pale hapajaingia kinanda, hapajaingia fidla, wala njuga. Mwongozaji husimama, hutoa mstari mmoja peke yake, upesi upesi, na watu wote huupokea na kuuvuta polepole mpaka ukuta uitikie. Wazee wetu waliimba hivyo, na wazee wao pia. Sauti ya mtu aliiumba Mungu. Gitaa limetengenezwa na fundi. Ndivyo tulivyofundishwa. Baba yake Verlon aliongoza, na alipokufa kitabu cha nyimbo kilichochakaa akapewa Verlon, na tangu hapo hatujawahi kuzikana bila sauti yake.

Mwenye kosa, kwa desturi ya pale, huitwa kwenye kikao cha Jumamosi. Akisema amekosea na anajutia jambo lile lote, watu humpa mkono, yamekwisha. Akikataa, kitabu kinakabidhiwa mwingine, na yeye hukaa kiti cha nyuma kama mgeni. Kwa mtu kama Verlon, ambaye mgodi ulishamla mapafu nusu na kumrudisha nyumbani, kitabu kile ndicho kilichobaki cha kumwamsha asubuhi.

*

"Oma!" aliita hata kabla hajafunga mlango wa gari. "Wee Oma! Nani alimpa Reva sauti yangu?"

Mkewe alikuwa anachagua maharage mezani. Hakuinua kichwa. "Kwanza salamu."

"Salamu zako. Nani?"

"Mimi."

Verlon akavuta kiti, akaketi, akasahau alichotaka kusema. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi, siyo kwa jibu.

"Ile kaseti ya jikoni," Oma aliendelea. "Ile redio ya kunasia sauti aliyotuletea Krismasi, nilikuwa najifunza kuibonyeza. Wewe ulikuwa unaimba huku unamenya viazi. Nilipompelekea Reva akaniambia Mama, nikiwa hotelini naisikiliza hii ndiyo napata usingizi. Ningekataa?"

"Umempa sauti yangu kama mtu anayempa jirani chumvi!"

"Ni mtoto wako, siyo jirani. Na chumvi haikwishi kwa kuazimwa."

"Clovis amenikatalia mkono, Oma. Mbele ya watu. Wamenitilia gitaa kwenye wimbo wa Bwana, na Jumamosi watanivua kitabu."

Hapo Oma akaacha maharage. Gitaa hakulijua. Yeye pia santuri hiyo hakuwa ameisikia, maana nyumba ile haikuwa na mashine ya kuipigia, na hata ingekuwepo angeona haya. Alinyanyuka, akachukua simu ukutani, akampigia Reva Nashville, akampa mumewe mkono wa simu bila kusema neno.

"Baba?" Sauti ya Reva ilikuwa ya mbio, nyuma yake watu wanacheka. "Baba kuna nini? Mama anaumwa?"

"Mama yako mzima, ana ulimi kama kawaida. Reva, ni nani hao waliotia gitaa kwenye wimbo wangu? Ni yule bosi wako mwenye viatu vyeupe? Niambie niwaambie ndugu kwamba walikuibia."

 Kule Nashville vicheko vikafungiwa mlango.

"Hawakuniibia, Baba. Gitaa ni mimi."

"Ni wewe!"

"Nilipiga mwenyewe. Kidogo tu."

"Mwanangu, wewe umelelewa Laurel. Umelala mapajani mwa mama yako kwenye kile kiti cha tatu. Hukujua?"

"Nilijua." Alianza kulia, na Verlon, aliyekuwa mkali kwa watu wote duniani isipokuwa huyu, akafunga macho. "Umeusikiliza, Baba?"

"Sijausikiliza."

"Usikilize kwanza. Halafu nipigie unigombeze unavyotaka, sitakata simu."

*

Ijumaa mchana alirudi dukani akanunua sabuni ambayo hakuihitaji, akangoja watu watoke. Zella akamwelewa. Alimpeleka chumba cha nyuma, kwenye magunia ya chakula cha kuku, ambako alikuwa na mashine yake.

"Wimbo wa mwisho tu," Verlon alionya. "Hizo nyingine usinipigie."

Zella aliishusha sindano kwa haraka, ikaangukia pabaya, na Reva akamwambia baba yake, kwa sauti ya kupasua bati, kwamba mwanamume akichelewa baa basi akalale na mbwa. "Samahani! Samahani!" Zella alisema, akiwania ile sindano. Verlon aliangalia dari. "Si uongo lakini," alinong'ona.

Kisha kukawa na mkwaruzo mdogo, na maji ya bomba, na sahani kugonga sahani. Hilo lilikuwa jiko lao. Verlon alilijua lile bomba; lilihitaji mpira mpya wa kuzuia maji tangu miaka hiyo. Akajisikia mwenyewe akitoa mstari wa kwanza, upesi, kama mtu anayepita huku akisema. Gitaa halikuwepo. Sahani, bomba, na yeye.

Kwenye mstari wa pili ikaingia sauti nyingine. Ilikuwa ya kijana, nzito kidogo, mdomo umejaa mkate wa mahindi. Iliupokea mstari na kuuvuta, ikakosea mahali, ikacheka, ikaendelea.

Verlon akashika gunia.

Delmer, mwana wao, alikufa mgodini majira ya baridi mwaka juzi, dari ya mgodi iliposhuka. Jeneza halikufunguliwa. Baada ya maziko Oma alitafuta nyumba nzima kitu chenye sauti yake, akakosa. Kaseti zote mbili alizobaki nazo zilikuwa za mahubiri. Ya viazi alikwisha kuipeleka Nashville, na wala hakukumbuka kwamba mtoto alipita jikoni siku hiyo kuiba mkate. Hapo ndipo Delmer alipokuwa siku zote, mwishoni mwa santuri, nyuma ya wimbo wa baa.

Baada ya sauti ya Delmer kuingia, ndipo gitaa likaja. Dogo, la chini, kama mtu anayeingia chumbani wenzake wameshakaa.

"Rudisha," Verlon alisema.

Zella akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya tatu alimgeuzia mgongo na kujifanya anapanga vibiriti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Zella naye alizika wawili.

"Watu wanajua yumo humu?" Verlon akauliza mwishowe.

"Bonde zima linajua, kasoro wewe na Oma. Nani angeanza kukwambieni?"

*

Jioni ile Estill Hagans, mzee wa kikao, alikuja akaketi barazani. Yeye na Verlon walichimba pamoja, na sasa walikohoa pamoja, mmoja akianza mwingine anamalizia.

"Neno lenyewe dogo tu," Estill alisema. "Unasimama, unasema, ndugu zangu, najutia wimbo ule, laiti usingekuwepo. Tunakupa mkono. Jumapili unaongoza. Yamekwisha."

"Siwezi kusema laiti usingekuwepo."

"Verlon, usiwe mbishi kama punda wa marehemu baba yako."

"Mtoto yumo mle, Estill. Anacheka."

Estill aliikunja kofia yake, akaikunjua. Hakuuliza mtoto yupi, na Verlon akaliona hilo. "Basi nitalazimika kuchukua kitabu," alisema kwa shida. "Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Usinifanyie hivyo, kaka."

Alipoondoka, Oma akatoka na vikombe viwili vya kahawa, akakuta mtu mmoja. Verlon alikuwa ameshamweleza. Oma naye alikuwa ametoka kuusikiliza dukani kwa Zella muda si mrefu, yeye pia na kipande cha sabuni.

"Kama ni kitabu, wachukue," alisema. "Mimi nakwambia. Nimekaa miaka miwili bila kumsikia."

"Na mimi nitaamka kufanya nini, mke wangu?"

 Oma alikunywa vikombe vyote viwili.

*

Jumamosi kanisa lilijaa kuliko siku ya mazishi. Clovis alisimama mbele, suti yake ya pekee imembana, akaeleza shitaka lake: mwongoza nyimbo wetu ameimba wimbo wa Bwana kwa gitaa, na wimbo huo umeuzwa dunia nzima pamoja na nyimbo za pombe.

"Desturi inataka mashahidi wawili," Estill alisema. "Waliosikia kwa masikio yao. Wewe, Ndugu Clovis, umesikia?"

Clovis aliitazama sakafu. "Nimeambiwa na mke wangu."

Kicheko cha chini kwa chini kikapita. Nova Tackett akawa mwekundu kama nyanya, akajipepea kwa kitabu.

"Basi nani mwingine ameusikia? Asimame."

Hakusimama mtu. Na si ajabu! Wimbo ule uko mwisho wa upande wa pili. Kusema umeusikia ni kusema santuri iko nyumbani kwako, na kwamba umekaa kitako na yule mchoma nguo, na yule wa chupa, na yule wa kulala na mbwa. Watu walichunguza dari, walichunguza kucha. Zella amenunua gari jipya kwa kuuza santuri zile katika bonde lenye kanisa moja, lakini siku hiyo hapakuwa na aliyewahi kuiona.

Nilimwona Estill anavuta pumzi. Uso wote ulimng'aa mzee. "Kama hakuna mashahidi, basi hakuna shitaka. Kikao hiki..."

"Yupo shahidi," Verlon alisema.

Estill akafumba macho. "Kaa chini, Verlon, nakuomba."

"Nimeusikia mimi. Jana, mara tatu." Alikuwa amesimama, mikono imeshika kiti cha mbele yake. "Gitaa limo. Binti yangu amelipiga, na sauti ni yangu. Kwa gitaa naomba msamaha, ndugu zangu, maana nimelelewa kama nyinyi na ninaamini kama nyinyi. Lakini mnataka niseme laiti wimbo usingekuwepo, na hilo sitasema. Mwanangu yumo mle. Delmer. Anapokea mstari wa pili, na mdomo umejaa mkate. Mkitaka kitabu, hiki hapa." Akakiweka pembeni yake kwenye kiti, akakaa, akaanza kukohoa.

 Kisha kutoka upande wa wanawake akainuka bibi Icy Sloane, ambaye kusimama kwake ni kazi ya watu wawili.

"Ninayo," alisema. "Iko chini ya kitanda, ndani ya boksi la kofia. Naipiga Jumatano nikianika nguo. Yule mtoto alikuwa ananibebea kuni."

"Ninayo," alisema Nova Tackett, hakumtazama mumewe.

"Tunayo." "Ninayo kwenye lori." "Mimi ninazo mbili, moja imekwaruzika." Walisimama mmoja mmoja, wengine wakicheka na wengine wakilia, na mimi nikasimama pia, maana yangu iko nyuma ya mtungi wa unga mpaka leo. Wa mwisho alikuwa Estill mwenyewe, mwenyekiti, ambaye alisimama ingawa alikuwa amesimama tayari, alijinyoosha tu na kusema, "Mungu nisamehe, hata ule wa mbwa naupenda."

Akabaki Clovis pale mbele, peke yake, na suti yake.

"Nimesema uongo," alisema. Ilibidi tutege masikio. "Nilisema nimeambiwa. Nova aliipiga jikoni, mimi niko nje nachonga mpini. Nikamsikia Delmer anacheka." Alijipangusa uso kwa mkono mzima. "Ni mimi niliyemfikia wa kwanza, mnajua. Nilichimba kwa mikono hii. Alikuwa ananiita, nami namjibu nakuja, nakuja, mpaka akanyamaza. Sasa namsikia jikoni kwangu anacheka. Nikatafuta kosa. Gitaa likanipa."

Hakuna aliyejua. Miaka miwili alikuwa amelibeba hilo peke yake, na wazazi wa marehemu walikuwa wamekaa hatua chache kutoka kwake kila Jumapili. Oma akainuka, akapita katikati ya viti, akamshika yule mwanamume mnene mabega yote mawili.

"Alikuwa anakuita wewe?" aliuliza. "Basi hakuwa peke yake. Ahsante, baba. Ahsante."

Clovis alilia kama mtoto, na sisi wote hivyo hivyo, sitaficha. Alipopata nafuu akamwendea Verlon, akanyoosha mkono. Verlon alikuwa hawezi kusimama kwa kikohozi. Aliuchukua akiwa amekaa.

Msamaha wa gitaa ukapigiwa kura, ukapita bila mpinzani. Kisha Estill akakiokota kile kitabu, akamrudishia mwenyewe, na kwa pumzi iliyobaki Verlon akatoa mstari wa kwanza. Tukauvuta huku tunazunguka kupeana mikono, kama tufanyavyo. Ulipokuja mstari wa pili watu walisita kidogo sana, wote pamoja, kama wanaompisha mtu mlangoni. Kisha tukaupokea.

*

Reva alikuwa nje muda wote. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri, gari lake refu la rangi ya krimu limechafuka matope mpaka madirishani, na alikuwa ameshusha vioo akasikia kila kitu. Hakuthubutu kuingia. Mama yake alimkuta ameuinamia usukani, wanja umemshuka mpaka kidevuni.

"Hebu ona staa," Oma alisema. "Toka humo, maharage yanaungua."

Mezani kwao palikuwa na maharage, mkate wa mahindi na vitunguu pori, na kiti cha nne ambacho hakuna aliyekaa wala aliyekiondoa. Bomba lilidondosha maji kwenye sinki. Reva alikula kama aliyetoka kifungoni, na baba yake alimwangalia, akasafisha koo, akaanza kumgombeza kama alivyoahidiwa.

"Sauti yangu usiiweke tena popote bila kuniuliza."

"Sitaiweka, Baba."

"Na lile gitaa lako." Alipaka siagi mkate wake, akapaka tena palipokwisha kupakwa. "Mimi si mjuzi wa magitaa. Lakini limechelewa kuingia. Mstari wa kwanza wote umeuacha mtupu."

Reva aliweka kijiko chini.

"Nilikuwa namngoja Delmer," alisema.

Verlon aliitikia kwa kichwa, mara nyingi. Oma akachukua sahani ya mumewe bila kumuuliza, akamwongezea maharage.